Kilichomo Tumboni Kina Haki, na Mama Pia



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, tangu Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu ya Roe ya mwaka 1973, vijana wa darsa hawajaacha kuniuliza swali moja: "Ustadh, yale majimbo yanayotaka sheria iseme kuwa mimba ni mtu kamili tangu siku ya kwanza, si yamefuata Uislamu bila ya kujua?"

Jibu langu ni hapana. Kutoa mimba bila ya dharura ni haramu, na sitaki mtu asome makala haya akatoka na ruhusa ambayo sikuitoa. Lakini haramu ni jambo moja, na kusema kuwa tone la siku mbili ni mtu sawasawa na mama aliyelibeba ni jambo jingine. Februari 2024 mahakama ya juu ya jimbo la Alabama iliamua kuwa mimba changa zilizotungishwa maabara na kuhifadhiwa katika barafu ni watoto mbele ya sheria. Hospitali kadhaa zikasimamisha matibabu ya wanandoa wanaotafuta uzazi, mpaka bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwakinga madaktari mwezi uliofuata. Hayo ndiyo mambo ya kulitangulia neno zuri mbele ya fiqhi yake.

Wanachuoni wetu walipima. Surat al-Muuminuun, aya ya 12 hadi 14, inataja daraja za kuumbwa kwetu, na hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyo katika Bukhari na Muslim inataja kupuliziwa roho, ambako wengi wamekufahamu kuwa ni baada ya siku 120. Imam Ghazali, wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alikataza kuiharibu mimba tangu mwanzo wake, na akasema uovu wa jambo hilo huzidi kila mimba inavyokua. Wapo Mashafii waliolegeza kabla ya roho kupulizwa. Mimi nasimama na Ghazali. Lakini hata yeye alisema huzidi. Hakuziweka siku zote katika mizani moja.

Tazameni haki zenyewe. Mtu akifa na kumwacha mkewe mjamzito, fungu la mtoto huwekwa kando lisiguswe. Akizaliwa hai anarithi. Akitoka maiti, fungu linarudi kwa warithi wengine. Mama akipigwa mimba ikatoka, mpigaji analipa ghurra, kama Mtume (S.A.W.) alivyohukumu katika kisa cha wanawake wawili wa Hudhayl, nayo hukadiriwa kuwa ngamia watano, ilhali dia kamili ya mtu ni ngamia mia. Yule mwanamke wa Ghamid, aliyekuwa mjamzito, hakutekelezewa hukumu mpaka akazaa na kunyonyesha. Na kila Ramadhani mnatoa zakatul-fitri kwa kila kichwa cha nyumbani. Kichanga aliyezaliwa kabla ya jua la siku ya mwisho kuchwa anahesabiwa, aliye tumboni halazimu kutolewa. Fiqhi hii inamlinda mtoto hatua kwa hatua, na haikumsahau aliyembeba.

Sasa tuje kwetu, maana familia zetu zimegawika pande mbili za mpaka wa Ras Kamboni, na wengi walihamia Lamu, Malindi na Mombasa baada ya 1991. Katiba ya Kenya, iliyopitishwa kwa kura Agosti 2010, inasema katika ibara ya 26 kuwa uhai wa mtu huanza pale mimba inapotungwa. Ibara hiyohiyo inaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. (Mtakumbuka makanisa mengi yaliipinga katiba ile kwa jambo hili, na kwa mahakama za kadhi.) Somalia nayo, katika katiba ya muda ya mwaka 2012, ibara ya 15, iliandika kuwa kutoa mimba ni kinyume cha Sharia isipokuwa kwa dharura, hasa kuokoa uhai wa mama.

Neno dharura likaandikwa, vizuri. Lakini usiku wa kusi, bahari imechafuka, mama anavuja damu Koyama au Chula na hospitali iko Kismayo, nani anasema kuwa hii ndiyo dharura? Hapo ndipo wanawake wetu wanapofia. Mkunga anaogopa kugusa asije akaambiwa ameua. Mume yuko baharini, na hospitalini wanataka ruhusa ya mwanamume wa ukoo kabla ya kumpasua. Mjomba anapigiwa simu, naye anataka kwanza kumuuliza sheikh. Saa zinakwenda.

Basi yajueni haya. Mimba iliyotoka yenyewe ikabakiza kitu ndani, kumsafisha mama si kutoa mimba hata kidogo. Asiogope kwenda hospitali, na jirani asimnong'one. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba haiwezi kuzaliwa, na humuua mama kwa kuvuja damu ndani. Kuiondoa ni tiba. Na hata baada ya miezi minne, madaktari waaminifu wakithibitisha kuwa mimba ikibaki mama atakufa, Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1990 liliruhusu itolewe, kwa kuepuka dhara iliyo kubwa zaidi. Mama ni shina. Hakuna haja ya kumtafuta sheikh usiku ule. Jibu limekwisha kutolewa.

Wanaume nasema nanyi waziwazi. Mnaokuwa wakali kwa haki za kilichomo tumboni, wengine wenu ndio mnaomfukuza binti aliyepata mimba mpaka anakwenda kununua vidonge kwa siri. Surat al-Israa, aya ya 31, mmeihifadhi tangu chuoni. Ukali huo ungeanza kwa kumpa binti huyo pa kulala.

Kila nyumba yenye mjamzito, akifika mwezi wa saba, mume aandike karatasi mbele ya mashahidi wawili kuwa mkewe atibiwe bila kumngoja yeye, na amtaje wa kusimama mahali pake. Mjue mashua ni ya nani, mafuta yako wapi, na nani watatoa damu. Karatasi ibaki kwa mama mwenyewe.

Darsa la wakubwa litasoma mlango wa ghurra katika Minhaj ya Imam Nawawi, Inshaallah, baada ya Isha. Kina mama mnakaribishwa, na mwenye kuona haya aandike swali lake alitume na mtoto. Wallahu a'lam.