Upasuaji wa moyo: Kipimo cha mikono miwili kisipuuzwe

KWA mgonjwa wa Mabatini, jijini Mwanza, ambaye mishipa inayolisha moyo wake imeziba, safari ya matibabu huweza kuanzia zahanati ya jirani, ikapitia Hospitali ya Rufaa ya Bugando na kuishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Upasuaji wa kufungua moyo nchini ulianza Muhimbili mwaka 2008, na JKCI ikaanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo tegemeo kubwa lilikuwa India.

Mjadala kuhusu huduma hiyo umetawaliwa na gharama. Madhara adimu ya mishipa, ambayo huweza kubatilisha gharama yote, hayazungumzwi sana.

Katika upasuaji huo daktari huifanyia damu njia mpya ya kuvuka palipoziba. Aghalabu hutumia vena ya mguuni pamoja na ateri ya ndani ya kifua upande wa kushoto, inayosifika kwa kudumu. Ateri hiyo hupata damu kutoka ateri kubwa ipitayo chini ya mtulinga kuelekea mkononi. Endapo hiyo kubwa imesinyaa, mgonjwa anapotumia mkono wa kushoto damu huweza kurudi nyuma, ikauacha moyo na kuufuata mkono. Maumivu ya kifua hurejea.

Tatizo hilo hushukiwa mapema kwa kupima shinikizo la damu mikono yote miwili. Tofauti ya milimita 15 za zebaki au zaidi yatosha kudai uchunguzi. Hapa hauhitajiki mtambo wa mabilioni. Kifaa cha zahanati chatosha, ilimradi mpimaji asiridhike na mkono mmoja. Ikithibitika, ateri huweza kupanuliwa kabla ya upasuaji, au daktari akachagua mshipa mwingine.

Hatari nyingine, kuchanika kwa tabaka za aota mezani, haisubiri. Shinikizo hushushwa, mrija wa mashine ya moyo na mapafu huhamishiwa ateri nyingine, mwili hupoozwa na sehemu iliyochanika hubadilishwa. Hiyo ni kazi ya timu iliyojiandaa.

Zahanati haiwezi kufanya hayo. Inaweza, hata hivyo, kuandika vipimo viwili katika barua ya rufaa, na kuvirudia mgonjwa akisharejea Mwanza.