Namba ya kodi ni sahihi, lakini kampuni ni ya nani?

BUNIA, Ituri – Karatasi ya kampuni hapa Kongo inajulikana kwa mbali: jina kwa herufi kubwa, muhuri wa buluu, na chini kabisa namba tatu, yaani RCCM, Id. Nat. na NIF. Kwa mama aliyekimbia Djugu na watoto wake, anayekaa sasa kunako kambi ya Kigonze, karatasi hiyo inaweza kutosha. Mtu akifika nayo na kusema kampuni inatafuta vibarua wa barabara, na kila anayetaka kuandikwa atoe franga elfu tano, mama atazitafuta hizo franga hata kwa mkopo. Ikiwa mtu huyo ni tapeli, hataonekana tena.

Dawa inayotajwa sana siku hizi ni programu ya kompyuta au ya telefoni inayopima namba ya kodi, ile NIF. Unaandika namba, nayo inajibu: sahihi au si sahihi. Ni chombo kizuri na kingefaa kufika mikononi mwa raia, si kubaki kwa wahasibu peke yao. Ila watu waelezwe kwanza kinapima nini.

Programu nyingi za aina hii zinatazama umbo tu. NIF ya Kongo ina herufi moja, tarakimu saba, halafu herufi nyingine moja. Tarakimu ikipungua, programu inakataa. Lakini mtu yeyote anaweza kukaa chini ya mwembe na kutunga herufi, tarakimu saba na herufi, na programu ya umbo itasema ni sawa. Kuna programu nzuri zaidi, zile zinazouliza daftari la walipa kodi lenyewe, ambalo liko mikononi mwa DGI. Hizo ndizo zinazoweza kusema kama namba iliwahi kutolewa kweli.

Hata hapo tapeli bado ana mlango. Sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003 inataka namba ya kodi iandikwe kwenye kila faktire. Kwa hiyo NIF si siri. Ukinunua simenti kwa duka kubwa, unarudi nyumbani na namba yake mfukoni. Anayetaka kudanganya ananakili namba hiyo, anaiweka chini ya jina lake mwenyewe, na programu itajibu kwamba ni sahihi. Haisemi uongo: namba ni ya kweli, isipokuwa kampuni ni ya mtu mwingine.

Ndiyo maana jibu la "sahihi" peke yake halina faida kubwa kwa mtu wa kambini. Jibu linapaswa kutoa jina la kampuni, mji wake, na kama bado inafanya kazi. Katika Umoja wa Ulaya kuna chombo cha kupima namba za kodi kinachoitwa VIES. Kwa nchi kadhaa kinaonyesha jina, lakini kwa Ujerumani hakilionyeshi. Kongo isifuate mfano huo wa Ujerumani. Na jina likipatikana, kamati ya kambi iipigie kampuni kwa namba iliyopatikana kwingine, isiyo ile ya kwenye karatasi, maana tapeli huandika telefoni ya rafiki yake.

Chombo hicho kiwe bure, na kifanye kazi kwa ujumbe mfupi, kwani si kila mtu ana telefoni ya intaneti. Serikali isidhani ni sadaka. Kampuni hewa inayomtoza mteja TVA ya asilimia 16 na kutoipeleka kokote inaiibia hazina, kama vile inavyomwibia mnunuzi.

Kuna upande mwingine, na huo unazungumzwa kidogo mno. Mashirika yanayonunua maharagwe, sabuni na maturubai huomba namba zote tatu. Mfanyabiashara aliyekuwa na depo Komanda, akakimbia usiku, karatasi zikaungua, anaweza kuwa na namba halali aliyoishika kwa kichwa tu. Akichanganya sifuri na herufi O, au anwani ya zamani ikibaki kwenye daftari, programu itamkataa. Karani ataliweka faili lake pembeni bila kumwita. Hapo chombo kilichotengenezwa kufukuza matapeli kinamfukuza mtu aliyepoteza kila kitu isipokuwa ufundi wake wa biashara.

Kulaumu kompyuta hapa ni kukwepa. Mwenye kosa ni anayeisoma "haipatikani" kama vile imeandikwa "mwizi". Namba ikikataliwa, mwenyewe aitwe, aonyeshwe alichoandika, apewe siku kadhaa za kwenda ofisi ya DGI kutafuta nakala au kusahihisha anwani. Na jambo hili liandikwe wazi kwenye tangazo la zabuni tangu siku ya kwanza, pamoja na jina la ofisi na saa za kupokea watu, ili anayetoka kambini kwa miguu asifike na kukuta mlango umefungwa.