Mafuriko Yaliyozaliwa na Ukavu

Mwanafunzi wa Kiingereza huyakariri maneno haya mojamoja, kumbe ni ndugu. "Thirst" ni kiu. "Toast" ni mkate uliobanikwa. "Torrid" hutajwa kwa joto la kuunguza, na "torrent" ni mkondo wa maji yanayoporomoka kwa nguvu. Yote manne yametoka katika mzizi mmoja, ters, uliomaanisha kukauka. Ni mzizi wa lugha mama ya Kihindi-Kiulaya ambayo, kwa maoni ya wanaisimu wengi, ilisemwa kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi yapata miaka 6,000 iliyopita.

Lugha hiyo haikuandikwa kamwe. Ukoo wake unajulikana kwa sababu sauti hubadilika kwa utaratibu: mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm alieleza jinsi t ya kale, iliyobaki t katika Kilatini, ilivyogeuka th katika Kiingereza. Tres ni "three", tenuis ni "thin". Basi "thirst" ni urithi wa moja kwa moja, ilhali "toast" imepita kwa Warumi na Wafaransa kabla ya kufika Uingereza, na t yake ingalipo.

"Torrent" ndiyo yenye vituko. Warumi walisema torrere kwa kukausha na kuchoma. Torrens ikawa kitu kichemkacho, kisha mto unaokwenda mbio kama unaochemka. Neno la ukavu likaishia kwenye mafuriko! Terra, yaani nchi kavu, nayo ni ya ukoo huohuo, na ndiyo iliyomo ndani ya jina la Mediterania, bahari iliyozungukwa na nchi kavu.

Moto una ukoo wake. "Ash", jivu, ni jamaa ya "arid", kikavu, na ya "arson", kosa la kuchoma mali, neno lililoingia kupitia Kifaransa cha mahakama baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wahiti wa Anatolia nao waliita meko hassa, na hilo limehifadhiwa katika vigae vya udongo vyenye zaidi ya miaka 3,000.

Mbinu hii ya kulinganisha sauti si ya lugha za Ulaya peke yake. Mwanaisimu Carl Meinhof aliitumia kwa lugha za Kibantu mwaka 1899, na mwenzake Malcolm Guthrie akachapisha juzuu nne juu ya lugha hizo kati ya 1967 na 1971. Kwa njia hiyo inajulikana kwamba "moto" na "joto" ni jamaa wa "ota", kama katika kuota moto. Lakini kazi hizo ziliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, na mtoto anayesoma Kiswahili Morogoro au Kisumu hazimfikii. Watunga kamusi za shule, ambao hukumbuka asili ya neno pale tu lilipokopwa nje, kama vile Uarabuni au Ureno, wayape maneno ya Kibantu mistari yao pia.