Si Wavivu

Wazee wengi hunung'unika wakisema: «Ninyi mliozaliwa baada ya 1980 hamtaki kazi, leo mko hapa, kesho mmehama.» Nasema hapana. Vijana hawakimbii kazi. Wamkimbia bwana asiyelipa.

Twende Wagenia, hapa Kisangani. Katika maporomoko ya mto Kongo wavuvi husimamisha miti mirefu, huifunga kwa kamba za msituni, kisha hutega migono mikubwa penye maji makali. Kazi ya hatari! Mbona kijana aingia majini bila kusukumwa? Kwa sababu mahali pa kutegea ni pa jamaa yake, mkubwa wake yu majini pamoja naye, na ufundi amefundishwa.

Sasa mtazameni kijana yule yule katika kazi ya mshahara mjini. Miezi yapita bila malipo, akiuliza, atukanwa, ufundi hafundishwi. Akienda kuchukua abiria kwa pikipiki, twamwita mvivu. Je, nani mwenye kosa?

Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mshahara sharti umtoshe mfanyakazi kuishi. Papa Yohane Paulo II akafundisha mwaka 1981, katika Laborem Exercens, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Basi ujira wa haki, heshima na mafundisho si anasa. Ni haki ya mtu.

Enyi Wakristo wenye kuajiri watu, Jumapili mwapiga kifua mbele ya altare. Jumatatu lipeni.