Safari ya Siku Moja: Kanisa Dogo la Mai Mahiu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha ana njia mbili. Ipendezayo macho zaidi ni ile ya chini, ishukayo ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu. Asubuhi ukungu huficha malori mazito, basi dereva na ashuke kwa gia ndogo, asitegemee breki peke yake. Karibu na mwisho wa mteremko, kando ya barabara, pana kanisa dogo la mawe. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano, waliokuwa wakiitengeneza barabara hiyo, mbali sana na kwao. Wengi hulipita mbio wakiutazama Longonot, mlima wa mita 2,776. Hasara yao! Ndani hawaenei watu wengi. Dakika kumi zatosha, na Naivasha haiko mbali.