Msimcheke dogo anayejiita Tsubasa

Yoichi Takahashi alipoanza kuchora katuni za Captain Tsubasa mwaka 1981, Japan haikuwa na ligi ya kulipwa. Ilianza 1993, na Kombe la Dunia wakacheza mara ya kwanza 1998. Staa wao wa kwanza alikuwa wa karatasi.

Hispania walimwita Oliver. Fernando Torres, akiwa mtoto, alimtazama kwenye runinga kisha akatoka nje na mpira, akitaka kuwa kama yeye. Mwaka 2008 bao lake pekee likaizamisha Ujerumani fainali ya Euro.

Basi dogo akipiga shuti ukutani huku akijitangaza kwa jina la staa wa katuni, mzazi asimwone mpuuzi. Uwanjani anafika kwanza kichwani, miguu inafuata. Mwacheni acheze.