Mpeni Stelingi Chapeo

Nimechoka na stelingi wa filamu za enzi za kati anayeingia vitani kichwa wazi. Kifuani ana chuma, farasi wake ana chuma, lakini nywele zake zinapepea kama tangazo la shampuu. Wenye chapeo ni wale maadui wasio na jina, wa kufa kwa pigo moja. Sababu tunaijua: uso wa mwigizaji ndio unaouza tiketi. Sawa, biashara ni biashara. Ila msituuzie kichwa wazi mkiita ujasiri.

Chukua Braveheart ya 1995. Mel Gibson anamwigiza William Wallace kwenye vita vya Stirling vya 1297, uso umepakwa rangi ya buluu, kichwani hana kitu. Hata lile daraja lililowapa Waskoti ushindi halionekani.

Wapiganaji wa wakati ule wangetucheka, kwa sababu walijua kichwa ndicho kinachowindwa. Katika karne ya 14, askari mwenye pesa alitanguliza kofia nene ya kitambaa, kisha chapeo ya chuma. Ukingoni mwa chapeo kulining'inia pazia la pete ndogo za chuma zilizofumwa pamoja, likafunika koo na shingo hadi mabegani. Pete zilizuia makali, kitambaa kikapunguza kishindo. Hiyo si woga. Ni hesabu ya watu waliozika wenzao.

Kama hamniamini mimi, aminini mifupa. Mfalme Richard III wa Uingereza aliuawa Bosworth mwaka wa 1485. Mifupa yake ilifukuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, na wachunguzi wakahesabu majeraha 11, tisa yakiwa kichwani. Mikononi hawakuona majeraha ya kujikinga, dalili kwamba mwili ulikuwa bado ndani ya deraya. Chapeo ndiyo iliyokuwa imetoka. Mfalme mzima, na hivyo ndivyo alivyoisha.

Sasa fikiria mtu wa kawaida. Tarehe 27 Julai 1361, wakulima wa kisiwa cha Gotland walikabiliana na jeshi la Valdemar, mfalme wa Denmark, nje ya kuta za mji wa Visby. Wenye mji walibaki ndani ya kuta, kisha wakasalimu amri. Wakulima walikufa kwa mamia na kutupwa kwenye makaburi ya pamoja. Yalipofukuliwa karne ya 20, baadhi ya mafuvu yalikuwa bado ndani ya kofia za pete za chuma. Mengine yalikuwa yametobolewa na mishale.

Hao ndio filamu inawakosea. Inatufundisha kwamba ukiwa na moyo, chuma ni ziada, na aliyekufa hakuwa stelingi wa kutosha. Wakulima wa Visby walikuwa na moyo. Walikwenda na walichokuwa nacho kichwani, na hakikutosha.

Kwa hivyo waongozaji, mvalisheni stelingi chapeo. Akifa, tutamlilia hata bila kuuona uso. Na wewe msomaji, mtu akikusifu ujasiri wako huku akikutanguliza mbele bila kinga, mwangalie kwanza yeye amesimama wapi. Kuna uwezekano mkubwa yuko nyuma ya ukuta.